Geuza Sahani, Frateri



Vijana wenzangu, tafakari ya wiki hii inatoka Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 3, aya ya 1 hadi ya 18. Kabla hujaendelea hapa, nenda kwanza ukalisome somo lenyewe kwenye Biblia. Na tafadhali lisome lote. Najua wengi wetu tunafika pale Samweli anapomjibu Mungu, tunafurahi, tunafunga kitabu. Leo fika mpaka aya ya 18.

Umerudi? Haya. Naomba nianzie mbali kidogo, nyumbani kwetu Morogoro, kwenye kabati la babu.

Babu yangu alikuwa mtu wa reli. Mshahara ukitoka, akishanunua unga na kulipa ada, kilichobaki kilikuwa cha santuri. Alikuwa nazo kama arobaini hivi, nyingi zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, zilizotengenezwa Nairobi. Alipofariki, mashine yake ilifungiwa kabatini pamoja na kofia yake ya kazi. Mimi nilikuwa darasa la tano. Hakuna aliyeigusa tena. Baba hakutaka.

Baadaye simu janja zikaingia nyumbani, moja, mbili, mpaka kila mtu akawa na yake. Hata redio ya sebuleni ikanyamaza. Jioni moja nikiwa likizo nilitazama huku na huku nikatuhesabu: tulikuwa watu watano, hedifoni tano, nyimbo tano. Tumekaa kochi moja na hakuna aliyejua mwenzake anasikiliza nini.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi muziki wa mtandaoni ni dhambi. Kwa bando la bei ndogo tu nimesikia kwaya za wamonaki ambazo babu hangezisikia hata angeuza nyumba. Teknolojia ni zawadi. Ninachotaka kuwaeleza ni kitu kilichonitokea mimi, taratibu, bila kujua.

Nilipoteza uwezo wa kumaliza wimbo.

Sema ukweli, na wewe si ndivyo ulivyo? Wimbo unaanza, sekunde ishirini, haujanishika, naruka. Unaofuata, naruka. Nikiupata ninaoupenda, nasikiliza kiitikio, kikipita naruka. Kidole gumba changu kilikuwa kimejifunza kazi yake vizuri kuliko mimi nilivyojifunza mantiki. Na programu yenyewe haichoki. Kabla wimbo haujaisha, ule mwingine umeshapangwa. Hakuna ukimya katikati. Hakuna anayehitaji kuinuka.

Hilo lingebaki kuwa jambo la muziki tu, nisingewaandikia. Lakini kidole kile kiliingia nami kanisani.

Mwaka jana nilikuwa namaliza falsafa. Kila Alhamisi tulikuwa na saa moja ya kuabudu Ekaristi Takatifu. Nilikuwa napiga magoti, nasema sala moja, nasubiri kidogo. Kimya. Nafungua zaburi, nasoma mistari minne. Kimya. Nahamia Rozari, fumbo moja, naacha. Siku moja niligundua kwamba kidole changu gumba kinatembea chenyewe juu ya goti langu, kinateleza, kinateleza, kama kwamba Yesu wa Ekaristi ni wimbo ambao haujanishika na natafuta unaofuata.

Miezi ilienda hivyo. Mwisho nikajiambia: Mungu hasemi nami. Labda hakuwahi kuniita. Labda nilichosikia nikiwa kidato cha nne kilikuwa furaha ya kambi ya vijana tu. Nikaandika barua kwa Baba Askofu, ya kuomba kuacha seminari. Niliiandika kwenye simu. Sikuituma, lakini iliandikwa yote, mpaka jina langu chini.

Nikamwonyesha baba yangu wa kiroho. Aliisoma taratibu, akanirudishia simu. Hakuniambia nibaki, wala hakuniambia niende. Alinikumbusha kanuni ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola katika Mazoezi ya Kiroho: wakati wa ukavu, usibadilishe uamuzi ulioufanya wakati wa mwanga. Akaniambia niende likizo, nisali, nipumzike, nisitume kitu.

Nikaenda nyumbani nikiwa na hasira kidogo, maana nilitaka jibu.

Ni katika likizo hiyo ndipo mdogo wangu alipofungua lile kabati akitafuta pasi. Akatoa mashine ya babu. Ni sanduku dogo lenye mpini, ukilifungua kifuniko ndicho spika. Tulimwomba baba ruhusa. Alikaa kimya muda, kisha akasema, "Haya, mkiiharibu mtanijua." Fundi redio alibadilisha mpira unaozungusha sahani. Sindano ilituchukua wiki mbili. Tuliipata Kariakoo kwa mzee mmoja anayeuza vyombo vya zamani.

Jumamosi jioni tukaiwasha. Nilichagua santuri ya Mbaraka Mwinshehe, kwa sababu ni mtu wa Morogoro na kwa sababu jina lake nilikuwa nalijua. Tangu afariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979 imepita miaka mingi, mimi sikuwa hata nimezaliwa. Nikaweka sindano. Kwanza ikakwaruza. Halafu sauti ikatoka, nzito, kama mtu yupo chumba cha pili.

Bibi alikuwa jikoni. Tukasikia mwiko umewekwa chini. Akaja na mikono yenye unga, akaketi kwenye kiti cha babu. Baba naye akatoka nje alikokuwa, akasimama mlangoni. Hakuna aliyesema kitu. Magitaa yakaanza kuchanganya, na ndipo hapo hapo, katikati ya utamu, sauti ikafifia na sahani ikaanza kukwaruza.

"Imeisha," nikasema, nikanyoosha mkono kuchukua nyingine.

"Haijaisha," bibi akasema. Bibi huyu, tangu niende seminari, ameacha kuniita "mume wangu" na ananiita Frateri kwa heshima zote. "Geuza, Frateri. Hiyo ni nusu."

Vijana, sikuwa najua. Santuri hizi ndogo zilibeba dakika chache tu kila upande. Nyimbo za dansi za wakati ule zilikuwa ndefu, kwa hiyo nyingi zilikatwa mara mbili: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa nyuma. Mara nyingi maneno yako upande wa kwanza, na lile sebene lenyewe, pale watu wanapoinuka kucheza, liko upande wa pili. Asiyeinuka kugeuza hafiki kwenye furaha ya wimbo. Na mashine haigeuzi yenyewe. Lazima mtu ainuke.

Nikageuza. Bibi akafumba macho.

Ilipoisha akatuambia hivi: "Babu yenu akitoka zamu ya usiku alikuwa anaweka sahani, anakaa hapa nilipo. Hata upande wa kwanza haujaisha, kashalala. Sahani inabaki inakwaruza, krr, krr, krr. Mimi ndiye nilikuwa nainuka kugeuza."

"Sasa bibi, kama amelala si ungezima tu?"

"Nilizima mara moja. Akaamka akaniuliza, mbona umeniacha njiani?"

Baba akacheka pale mlangoni. Tangu msiba sikuwahi kumsikia baba akicheka kwa habari ya babu.

Usiku ule sikulala mapema. Nilichukua Biblia nikafungua 1 Samweli 3, somo ambalo kila mseminari amelihubiri angalau mara moja, mimi nikiwemo. Nikalisoma kama sijawahi kuliona.

Angalia vizuri. Somo linaanza kwa kusema kwamba siku zile neno la Bwana lilikuwa adimu. Yaani ni wakati wa ukavu, nyumba nzima ya Mungu imekauka. Samweli anaitwa mara ya kwanza, anakimbilia kwa Eli. Mara ya pili, anakimbilia kwa Eli. Mara ya tatu, vilevile. Maandiko yanaeleza wazi sababu: Samweli alikuwa bado hajamjua Bwana. Kijana yuko hekaluni, analala karibu na Sanduku la Agano, na bado haitambui sauti. Hapo nilishusha pumzi. Kumbe inawezekana kuishi ndani ya nyumba ya Mungu, ukaitwa kweli, na usijue ni nani anayekuita. Kutotambua sauti hakumaanishi kwamba hujaitwa.

Na Mungu hakuruka. Hilo ndilo lililonigusa zaidi. Mimi ningekuwa ndiye ninayeita, na kijana ananikosea mara tatu, ningeshamtafuta mwingine. Mungu anaita mara ya nne, kwa jina lilelile, kijana yuleyule. Tunamruka Mungu kila siku, lakini yeye hana kidole kile.

Kisha nikamtazama Eli. Miaka yote nilimwona kama mzee wa pembeni tu. Macho yake yamefifia, amelala, wanawe wamemshinda. Lakini bila yeye Samweli angekimbia usiku kucha. Ni Eli anayetambua kwamba ni Bwana. Ni yeye anayemrudisha kijana mahali pake na kumfundisha namna ya kujibu: amwambie Bwana aseme, kwamba mtumishi wake anasikiliza. Samweli alikuwa amekwama mwisho wa upande wa kwanza, sahani inakwaruza, na Eli ndiye aliyegeuza.

Sasa ndiyo maana niliwaomba mfike aya ya 18. Ujumbe wenyewe ambao Mungu alimpa Samweli ulikuwa nini? Ulikuwa hukumu juu ya nyumba ya Eli. Mzee amemsaidia kijana kusikia wimbo ambao ndani yake kuna adhabu yake mwenyewe. Na asubuhi anamwamuru Samweli asimfiche neno hata moja, na akishasikia yote anakubali kwamba ni Bwana, afanye aonalo jema. Eli alikuwa na makosa mengi, lakini siku hiyo alisikiliza mpaka mwisho.

Mtanisamehe, nimesoma falsafa, lazima niwape kidogo. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha 11 cha Maungamo, anajiuliza wakati ni kitu gani. Anachukua mfano wa mtu anayetaka kuimba zaburi anayoijua kwa moyo. Kabla hajaanza, matarajio yake yameikumbatia zaburi nzima. Akianza kuimba, kila neno linalotoka linahama kutoka kwenye matarajio na kwenda kwenye kumbukumbu, mpaka zaburi imeisha na yote imekuwa kumbukumbu. Kisha Augustino anasema hivyo ndivyo ilivyo kwa maisha mazima ya mtu.

Swali hilo lilikuja kwenye mtihani, nikapata alama nzuri sana. Lakini nililijibu nikiwa mtu ambaye hajasikiliza wimbo mzima kwa miaka. Mtu anayeruka hatarajii, maana hana subira ya kungoja kinachokuja. Wala hakumbuki, maana hakuna kilichokaa. Anabaki na sekunde ishirini za sasa, na nyingine ishirini, na nyingine. Wito hauwezi kusikika katika sekunde ishirini. Wito wowote ule: upadre, utawa, ndoa. Hata urafiki wa kweli hauwezi. Ni vitu virefu, unavielewa ukiwa umekaa navyo.

Kwenye santuri, kila upande una mfereji mmoja tu, mwembamba kama unywele, unaoanza ukingoni na kuzunguka, kuzunguka, mpaka karibu na katikati. Ukiunyoosha mfereji wa santuri kubwa yenye dakika 20 hivi kila upande, unapata zaidi ya mita 400, mzunguko mzima wa uwanja wa riadha. Ukiutazama kwa juu utadhani sindano inarudia palepale. Hairudii. Kila mzunguko inasogea ndani kidogo tu. Maisha ya sala ndivyo yalivyo, kama mmewahi kusali Rozari mwezi mzima na kujiona mko palepale.

Nitoe mfano mmoja wa Kikatoliki kabisa. Mnaijua Missa Luba? Ni Misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa sauti na ngoma za Kongo, kwaya ya Padre Guido Haazen huko Kamina, mwaka 1958, miaka minne kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujafunguliwa. Kwenye simu yangu ninayo tangu kidato cha tano. Yaani nilikuwa na Sanctus peke yake. Ndiyo niliyoipenda, nikaiweka kwenye orodha yangu katikati ya nyimbo nyingine, na nilikuwa nawaambia watu kwamba naipenda sana Missa Luba. Kyrie yake sikuijua. Credo sikuwahi kuisikia mpaka mwisho.

Likizo ile nilizima kila kitu nikaisikiliza yote, kuanzia Kyrie hadi Agnus Dei. Nikaelewa kwamba nilikuwa nimeikata Misa, nikachukua kipande kitamu. Utukufu wa Sanctus bila kwanza kuomba huruma. Na siyo mimi peke yangu. Wapo wanaofika kanisani wakati wa mahubiri na kuondoka mara tu baada ya Komunyo, kabla ya baraka. Wapo wanaotaka Pasaka bila Ijumaa Kuu. Wapo wachumba wanaotaka sherehe ya ndoa bila mafundisho ya ndoa. Sote tunaruka.

Lakini tusije tukageuza santuri kuwa sanamu. Sahani za plastiki haziokoi mtu. Unaweza kuwa na santuri mia mbili ukawa kiziwi kwa mkeo, na unaweza kusikiliza muziki wa mtandaoni kwa moyo wote. Na tena, siyo kila anayeacha amekimbia. Wapo ndugu zetu walioingia seminari au utawani, wakasikiliza kwa uaminifu mpaka mwisho, pamoja na walezi wao, wakatambua kwamba Mungu anawaita kwenye ndoa. Hao hawakuruka wimbo. Waliusikia. Tofauti iko kati ya anayeondoka kwa sababu amesikia na anayeondoka kwa sababu kumekuwa kimya.

Mimi nilitaka kuondoka kwa sababu kulikuwa kimya. Nilidhani wimbo umeisha, kumbe ni upande mmoja.

Basi, wiki hii nawapa mazoezi matatu, na mimi nayafanya pamoja nanyi.

La kwanza. Chagua wimbo mmoja kila siku, uusikilize wote, simu ikiwa mbali na mkono. Wimbo wowote mzuri, hata wa dansi. Ikiwezekana, toa hedifoni, usikilize na mtu wa nyumbani kwenu. Muulize mzazi au bibi yako alikuwa anapenda wimbo gani akiwa na umri wako. Utashangaa yatakayotoka.

La pili. Dakika 20 mbele ya Ekaristi, upande mmoja wa santuri kubwa. Usihesabu ulichohisi. Usibadilishe sala kila ukichoka. Chukua neno moja la Injili ya siku, ukae nalo mpaka muda uishe. Mawazo yakikukimbiza, rudi, kama Samweli alivyorudi kulala mahali pake. Yeye hakufanya lolote la ajabu usiku ule. Alirudi tu akalala pale sauti ilipokuwa inamtafuta.

La tatu, na hili ndilo nisilotaka mlisahau. Mgeuzie mtu sahani. Yupo mwenzako kwenye jumuiya ndogo ndogo au kwenye kwaya aliyechoka. Haonekani tena. Imani yake imebaki inakwaruza, krr, krr, krr, na wote tunasema fulani kashalala, mzime. Usimzime. Mpigie. Mpitie Dominika mwende Misa pamoja. Akiwa hawezi kusali, sali wewe kwa ajili yake, ukimwambia Yesu kwamba unasali kwa niaba ya huyu aliyelala. Kanisa ndilo hilo. Hakuna mtakatifu aliyegeuza sahani yake mwenyewe siku zote. Na kama aliyelala ni wewe, usione aibu kumwendea Eli wako: padre, mlezi, mama yako, bibi yako mwenye unga mikononi.

Mtaniuliza barua iko wapi. Niliifuta siku ya mwisho ya likizo, sebuleni, bibi akiwa amesinzia kwenye kiti cha babu na sahani imefika mwisho. Sikusikia sauti yoyote kutoka mbinguni. Ukavu haujaisha, hata Alhamisi hii ulikuwepo. Nilifuta barua, nikaweka simu kabatini mahali ilipokuwa mashine, nikainuka kwenda kumgeuzia bibi sahani.

Tusali.

Ee Bwana, uliyemwita Samweli mara nne na hukuchoka, utusamehe tunaporuka sauti yako. Utupe masikio ya kungoja na miguu ya kuinuka. Uwabariki wazee waliotugeuzia sahani tulipolala, na marehemu wetu wote uwape pumziko la milele. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Bikira Maria, wewe uliyeyaweka yote moyoni mwako, utuombee.

Ni mimi kaka yenu katika Kristo,
Frateri